Filimbi ya Mfunga Mlango

Baba yangu alipanda mlima ule kwa miaka saba na hakuwahi kufika kileleni hata mara moja. Nasema mapema, asije mtu akasoma akitarajia habari za shujaa. Alikuwa karani wa bima. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya nne katikati ya mji wa Nairobi, nyumba yetu ilikuwa mtaa wa Jamhuri, na mlima wenyewe uko Nyandarua, upande wa Kinangop, safari ya saa mbili na kitu kwa gari. Mlima haukumshinda. Kilichomnyima kilele ni kazi aliyopewa, na mara ya mwisho ni mimi.

Tulikuwa kikundi cha watu ishirini hivi, tuliofahamiana kanisani, kazini na kwenye maduka ya Adams Arcade. Mara mbili kwa mwaka tulikutana hapo Adams alfajiri, kila mtu na mfuko wake wa chakula, tukapanda magari kwenda kwenye baridi ambayo mtu mwenye akili angeikimbia. Kiongozi wetu alikuwa Kalasinga mmoja, mwenye kilemba chake na gereji kando ya Ngong Road. Sote tulimwita Fundi, hata sisi ambao hatukuwa na gari la kumpelekea. Alikuwa ametembea misitu ile tangu ujana wake, na sheria zake hazikuwa na mjadala.

Yeye alitangulia pamoja na askari wa msitu mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati. Nyuma kabisa alitembea mtu aliyeitwa mfunga mlango, mwenye filimbi shingoni. Mfunga mlango hampiti mtu. Ukisimama kufunga kamba za viatu, naye anasimama. Ukichoka kabisa, anamwachia filimbi aliye mbele yenu, anashuka nawe hadi kwenye magari, wengine wakiendelea. Na mwenye filimbi akifika kileleni, wa mwisho kabisa, anaipiga mara moja, ndefu, ishara kwamba watu wote wamefika. Kabla ya filimbi hiyo hakuna anayefungua chakula chake, hata peremende. Niliwahi kumwona mwanasheria mzima, mwenye tai zake na kesi zake kubwa, akirudisha ndizi mfukoni kwa sababu Fundi alimtazama.

Mfunga mlango wetu alikuwa baba. Na hakuna safari iliyokosa mtu wa kuchoka. Kuna shangazi mmoja wa Uthiru aliyekuja na viatu vya kanisani. Kuna kijana aliyekuwa amekunywa usiku kucha, akatapika njia nzima ya kwenye mianzi. Baba alishuka nao, mmoja baada ya mwingine, mwaka baada ya mwaka, akiwasimulia vichekesho vya ofisini ili wasione aibu. Sijawahi kumsikia akimwambia mtu kwamba amemkosesha kilele.

Lakini alikitaka. Nilijua kwa sababu kila tuliporudi kwenye gari aliniuliza swali lile lile: "Leo mmeona nini?" Nami nilimwambia. Ziwa Naivasha. Mlima Kenya, tukibahatika. Na mara moja tu, siku isiyo na wingu, mji wetu wenyewe, mbali kabisa, maghorofa yamesimama madogo kama meno ya kitana. Siku hiyo aliuliza, "Na ofisi yangu, iliwaona?" Tukacheka. Baadaye, tukiwa karibu kufika nyumbani, alisema kwamba ameutumikia mji ule miaka thelathini akiutazama kutoka chini, na angependa siku moja autazame yeye akiwa juu. Alisema hivyo akiangalia nje ya dirisha.

Mimi nilikuwa wa mbele siku zote, nyuma ya Fundi hatua mbili. Haraka nilizaliwa nayo. Mama husema hata siku ya kuzaliwa kwangu nilitoka njiani, kabla hajafika hospitali. Baba alipenda kunitania kwamba haraka haraka haina baraka, nami nilimjibu, "Na polepole yako imekufikisha wapi?" Alicheka kila mara. Leo nikilikumbuka jibu lile nataka kujipiga kofi.

Kwa mazoezi, kila Ijumaa alitembea kwa miguu kutoka ofisini hadi nyumbani. Nilipopata kazi kwenye duka la kupiga chapa na kufunga vitabu mjini, nikawa natembea naye. Tulipanda kile kilima cha Community, tukashika Ngong Road, yeye na mkoba wake, mimi nikiwa hatua kumi mbele, narudi, natangulia tena, kama mbwa aliyefunguliwa. Mwaka wa safari yake ya mwisho alianza kusimama njiani. Juu ya kilima alisimama kwa muuza magazeti akasoma vichwa vya habari vyote, hata vya michezo, naye hakupenda mpira. Mbele kidogo aliinama kama mtu anayefunga kamba za viatu. Viatu vyake vya ofisini havikuwa na kamba. Nililiona hilo, nikacheka, nikamwambia amezeeka.

Wiki mbili kabla ya safari alinisubiri nimalize kula, mama akiwa jikoni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba daktari amesema moyo umechoka. Amekatazwa milima. Amemwomba daktari safari moja tu, na daktari amekataa, na yeye amejiruhusu.

"Sasa, mama," akaniambia. Aliniita mama siku zote, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. "Safari hii nifungie mlango. Nataka wewe ukuwe nyuma yangu. Nikienda polepole, bila kuchunga mtu, nitafika."

Nikamwambia hakuna shida. Nilisema hivyo hivyo, nikichokora meno.

Siku ile watu walikuwa wachache, kumi na mmoja, na wote wenye miguu mizuri. Hakukuwa na mtu wa kuchoka. Hata Fundi alilitambua hilo. Tulipoacha mashamba ya viazi na kuingia msituni, baba alivua filimbi yake, ya chuma, iliyofungwa kwa kamba ya kiatu, akanivisha. Ilikuwa na joto la kifua chake. Fundi aliangalia, akaitikia kwa kichwa, akageuka kuanza safari.

Msituni tulikwenda vizuri. Mianzi ndiyo ilitutenga na wengine. Njia pale ni nyembamba, matope yanafika kwenye vifundo, na unapita ukiinama chini ya mianzi iliyolala. Baba alipiga hatua thelathini, akasimama. Thelathini nyingine, akasimama. Nilizihesabu. Sauti za wenzetu zilipungua, kisha zikaisha. Nilikuwa nikisimama nyuma ya mgongo wake, nikitazama koti lake la mvua lililopauka, na hasira zilikuwa zinanipanda. Nitasema ukweli: nilimkasirikia baba yangu kwa kupumua. Sijui kama alihisi. Nadhani alihisi, kwa sababu alianza kuniomba radhi kila aliposimama.

"Pole, mama. Kidogo tu."

Mianzi inapokwisha kuna gogo kubwa lililoanguka, na hapo unatokea kwenye nyasi ndefu na upepo. Kilele unakiona. Kwa mwendo wangu ni nusu saa. Baba aliketi kwenye gogo, midomo yake ikiwa na rangi nisiyoipenda. Ndipo tuliposikia kelele kutoka juu, wanapiga mayowe kama watu wa harusi: "Nairobi inaonekana! Nairobi inaonekana!"

Nilijua mawingu ya mlima ule. Yanafunguka kidogo, yanafunga, na hayafunguki tena siku hiyo. Nilisimama tu, nikihamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule.

"Wewe enda uone," baba akasema. "Usikose juu yangu. Nakuja."

Mtu mzima anajua maneno ya adabu na maneno ya kweli. Nilijua yale yalikuwa ya adabu. Alikuwa ananisubiri nikatae. Nikampita. Mfunga mlango hampiti mtu, na mimi, filimbi shingoni, nikampita mtu pekee aliyekuwa mbele yangu, nikapanda mbio.

Niliuona mji. Ulikuwepo kweli, mdogo na mweupe, na nilisimama nikiutazama labda dakika tano kabla ukungu haujaja na kutufunika hata tukawa hatuonani vizuri. Baridi ikashuka. Watu wakakaa chini wakiwa wamekumbatia mifuko yao ya chakula.

Fundi akanijia. "Baba yako ako wapi?"

"Anakuja. Ako hapo tu nyuma."

"Umemwona?"

Nilikuwa nimemwacha nusu saa iliyopita, ameketi. "Nimemwona," nikasema.

Kulikuwa na kijana mmoja wa benki, mcheshi wetu, meno yake yakigongana. "Si upige hiyo kitu tukule! Tunaganda huku, jameni." Wengine wakacheka, wakanitazama. Nilikuwa na njaa. Nilijiambia baba yuko kwenye kona ya mwisho, atatokea atukute tunakula, atatutukana kwa mzaha, nitampa nafasi karibu na chai. Nikaweka filimbi mdomoni, nikaipiga, ndefu, kama alivyoipiga yeye kwenye mazoezi ya vilima vya Ngong. Ilikuwa na sauti kali kuliko nilivyofikiri.

Tukala. Nilikula chapati mbili na kikombe cha chai, na kila nilipomeza nilitazama njia. Nikiwa katikati ya kikombe cha pili, Fundi aliweka chake chini, akasimama, akasema tunashuka. Hakuniuliza tena.

Tulimkuta pale pale kwenye gogo. Alikuwa amejifunika vizuri, mfuko wake uko wazi magotini, na kando yake kipande cha gazeti kimekunjwa. Ndani ya gazeti kulikuwa na maganda ya nduma na ya mayai mawili. Aliinua macho, akatabasamu kwa watu wote, kisha akanitazama.

"Filimbi ililia," akasema, "nikakula."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba amefuata utaratibu. Alikuwa amesikia ishara kwamba watu wote wamefika, na yeye hakuwemo katika hao watu wote, basi akafungua chakula chake akala peke yake kwenye ukungu. Fundi alimshika mkono, akashuka naye mguu kwa mguu hadi chini, na mimi nikafuata nyuma yao. Siku hiyo ndipo nilipomfungia mlango baba yangu, wakati hakuna tena mahali pa kufika.

Kwenye gari aliniuliza, kama kawaida, "Leo mmeona nini?"

"Hakuna kitu," nikamwambia. "Ukungu tu."

Akanipigapiga goti. "Basi sijakosa."

Na alikuwa amezisikia kelele zile kama mimi.

Alifariki kabla ya safari iliyofuata, Jumatatu moja asubuhi, akivaa viatu aende kazini. Siku za matanga nyumba yetu ya Jamhuri ilijaa watu wa ofisini, wa kanisani na wa mlima, na wote walisema jambo moja, kwamba alikuwa mtu asiyemwacha mwenziwe nyuma. Nilikuwa nikipeleka chai, nikiwasikia, natamani sakafu inimeze. Fundi alipokuja nilimvuta nje, karibu na matangi ya maji, nikamwambia kwamba siku ile nilimdanganya. Kwamba sikuwa nimemwona.

"Najua," akasema. "Na yeye alijua. Alikuja gereji kuniambia nisikuulize. Alisema, msichana alikuwa anasikia baridi."

Nililia pale kwenye matangi mpaka mama akatuma mtu kunitafuta.

Tangu hapo mimi ndiye mfunga mlango. Hakuna aliyenichagua, nilikuja Adams alfajiri na filimbi shingoni, na Fundi akaitikia kwa kichwa kama alivyomwitikia baba. Nimeshuka na watu wengi sasa. Nimejifunza vichekesho vya ofisini, ingawa sivisimulii vizuri. Nimejifunza kutohesabu hatua za mtu.

Mwaka mmoja tulifika wote. Wa mwisho alikuwa mwalimu mmoja mnene aliyelia njia nzima na kuapa hatarudi tena, nami nilikuwa nyuma yake, hatua kwa hatua, mpaka akatambaa kileleni akiwa kwenye magoti. Watu wakamshangilia. Kisha wakanigeukia mimi, mifuko yao magotini.

Niligeuka kwanza nikaitazama njia. Niliitazama kwa muda mrefu, mpaka mmoja akauliza kama kuna mtu amebaki. Nilitaka kumjibu kwamba yuko. Lakini watu walikuwa na njaa, na baba hakupenda watu wakae na njaa kwa sababu yake. Nikapiga.

Wao wakala. Mimi sikufungua changu; tuliposhuka nilikibeba hadi kwenye lile gogo, pale mianzi inapoanza, nikawaambia watangulie, sitakawia. Niliketi kwenye gogo, nikaomba msamaha kwa sauti, jambo ambalo sikulifanya alipokuwa hai. Kisha nikala mayai yangu mawili, nikakunja maganda kwenye kipande cha gazeti, nikayatia mfukoni.