Vijiti vya Bwana Chuma

Mwanangu, katika siku zote alizonipa Mungu kuna moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na mama yenu asilisikie hili. Ni siku lori la mgodi liliporudi kutoka stesheni ya Shinyanga limebeba magunia ya mchele, mapipa ya mafuta, na mzungu mmoja kijana aliyekumbatia mfuko mrefu wa ngozi kama mama anavyokumbatia mtoto mwenye homa. Aliposhuka, akaufungua ule mfuko atazame kama kuna kilichovunjika njiani. Jua likapiga ndani, nasi tuliosimama kando tukafumba macho. Zilikuwa fimbo za gofu, na mipini yake yote ilikuwa ya chuma. Ziling'aa hata kuku wa kambi wakakimbilia bandani wakidhani ni radi.

"Lolaga!" akasema mdogo wangu Shija, yule aliyezaliwa baada yetu sisi mapacha. "Tazama, kaka Kulwa! Mpini wa chuma? Huyu ana jambo."

Nikasema kweli ana jambo. Kabla ugali wa jioni haujaiva, kambi nzima ilikuwa inasema ana jambo.

Usitucheke, mwanangu. Miaka ile ya thelathini, huku kwetu Geita, kushuku kulikuwa nusu ya kazi. Mtu akiinama kufunga kamba ya kiatu, wenzake wanamzunguka waone ameokota nini. Mtu akichimba choo, majirani wanakuja na karai. Hata uwanja wenyewe wa gofu, ulipofyekwa nyuma ya kambi na kuchomekwa bendera, wazee wa vijiji vya jirani walikuja na mikuki yao kuuliza kulikoni. Maana sisi tulishazoea: mzungu akichomeka kigingi chenye kitambaa, amesema ardhi hii na dhahabu iliyomo ni yangu. Wakaambiwa ni mchezo tu. Wakaondoka wanatikisa vichwa, na haikupita wiki tukakuta shimo moja la mchezo limechimbwa, mtu mzima anasimama ndani haonekani. Mchezo gani huo wa kuzunguka na bendera? Mjinga nani?

Mimi na Shija tulikuwa kedi, yaani wabeba fimbo za mabwana. Kazi ilikuwa na heshima yake. Majani hayakukubali kuota vizuri kwenye uwanja ule, kwa hiyo kila penye shimo palitandazwa mchanga uliochanganywa na oili chafu ya mashine. Kabla bwana hajausukuma mpira uingie shimoni, kedi alipita na ubao akausawazisha mchanga, ukawa laini kama shavu la mtoto. Na pale bwana alipoanzia, kedi alichota mchanga wenye maji kwenye ndoo, akafinyanga kichuguu kidogo cha kukalishia mpira. Nyapara wetu, Mzee Malunde, aliyekuwa mpagazi katika vita vya Mjerumani, alifinyanga vichuguu vizuri hata mchwa wangeona wivu.

Mwalimu wa mchezo ule kambini alikuwa mzungu mzee tuliyemwita Bwana Randa, kwa kuwa mchana kutwa alikuwa bandani kwake akipiga randa. Fimbo zote za mabwana alizichonga yeye, mipini ya mti mgumu kutoka Ulaya. Alituambia kwa Kiswahili chake cha jikoni kwamba huko kwao naye alianza kwa kubeba mifuko, akaonekana ana mkono, akawa fundi, akawa mchezaji wa kulipwa. Sasa sikia ajabu. Aliwafundisha mabwana wote wa mgodi, akawashika viuno na kuwanyoosha mikono, lakini kwenye baraza ya klabu yao hakukanyaga. Walisema mchezo wa gofu ni wa waungwana, na anayecheza kwa mshahara ni mtumishi. Mzungu yule alikula bandani, kwenye vumbi la mbao, sahani juu ya goti. Ukubwa jalala, lakini yeye alipewa jalala bila ukubwa.

Basi Bwana Mkubwa wa mgodi akatangaza kwamba Jumapili Bwana Randa atashindana na yule kijana, ambaye tulishambatiza Bwana Chuma. Atakayeshinda ndiye atakayekuwa mwalimu wa kambi. Atakayeshindwa atapanda lori.

Bwana Randa alikuwa na mvi mpaka masikioni. Kwao hakubakiwa na ndugu wala nyumba, alituambia mwenyewe. Lori lile lingempeleka wapi?

Asubuhi moja kabla ya Jumapili hiyo, mimi na Shija tuliwahi uwanjani kumwagilia njia. Tukamwona Bwana Chuma peke yake kwenye ukungu. Anainama, anachomeka kitu ardhini, anainuka, anapiga mpira, anasogea hatua chache, anainama tena. Tukalala chini kama kware. Alipokwenda kunywa chai tukatambaa pale, tukakuta vijiti. Vidogo, urefu wa kidole cha mtoto, vyeupe, vimechongwa kichwa kama uyoga. Vingine vimevunjika, vingine vimesimama.

"Dawa," akasema Shija. "Amezindika uwanja gete, kweli kabisa!"

"Au anapima," nikasema. "Vigingi hivyo. Atakuja kusema uwanja wake."

"Vigingi gani vidogo hivyo? Anawapimia panya?"

"Wazungu wana akili, bwana wewe. Wanaanza na vidogo."

Tukavifunga kwenye jani la mgomba bila kuvigusa kwa mkono, tukampelekea Mzee Malunde mbio. Tukapiga magoti. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmeua nyoka?"

Tukamweleza. Mzee akatazama vijiti, akachukua kimoja kwa vidole, tukaruka nyuma. Akakinusa. Halafu akainuka, akatuambia tumfuate, akaenda moja kwa moja hadi kwa Bwana Chuma, aliyekuwa bado ameshika kikombe chake cha chai. 

"Bwana, mwangaluka," akamwamkia Mzee Malunde kwa Kisukuma, akakinyanyua kijiti. "Hiki nini?"

Basi! Kijana akacheka, akachomeka kijiti ardhini, akatoa mpira mfukoni, akaukalisha juu yake. Ukakaa. Kazi ya kile kijiti ilikuwa hiyo tu: kuukalisha mpira badala ya kichuguu chetu cha mchanga.

Shija akaona haya, mimi nikatazama mbingu kama ninayetafuta mvua. Lakini Mzee Malunde hakucheka. Tuliporudi bandani akaiweka chini ndoo yake ya mchanga, akaitazama kitambo, akasema, "Kumbe nyinyi mlikuwa na haki ya kuogopa. Kosa lenu ni kuogopa uchawi tu. Kijiti hiki kinaniambia mkono wangu hautakiwi tena."

Hapo ndipo nilipojifunza, mwanangu, kwamba kuna kitu kipya kinachokuja bila uchawi wowote na bado kinakutoa kwenye nafasi yako.

Jumamosi Shija akaja na shauri. Yeye ndiye aliyepangiwa kumbebea Bwana Chuma. "Kaka, ubao ninao mimi. Nikimsawazishia njia mpaka shimoni, naacha kituta chembamba kama unyoya. Mpira unakwenda, unapinda, kwisha. Bwana Randa anabaki. Nani atajua?"

Moyo wangu ulishakubali kabla ya masikio. Kumbe Mzee Malunde yuko nyuma ya ukuta wa mabua anatafuna muhogo.

"Nani atajua?" akasema, akaingia. "Randa atajua. Mtu amesoma mchanga tangu hamjazaliwa, asijue kituta? Mkimshindisha kwa mchanga mbovu, kesho mabwana watasema mzee ameshinda kwa wizi wa kedi wake. Mtakuwa mmempakiza kwenye lori nyinyi wenyewe, na aibu mmemfungia kama chakula cha njiani. Mshuku mgeni mkitaka, mgeni ni wa kushukiwa. Lakini mbona mnamkodolea macho aliyekuja na fimbo, na hamumtazami aliyepanga wazee na vijana wapigane kama majogoo, naye amekaa barazani anakunywa? Kikulacho ki nguoni mwako, Kulwa. Wewe unakitafuta kwenye nguo ya jirani."

Nikainuka, nikaenda kujaza ndoo za kesho. 

Jumapili walikuja watu, sisemi uongo, kutoka Nyarugusu mpaka Chato. Wengine nadhani walikuja kuangalia dhahabu ikitoka kwenye mashimo. Bwana Randa akapiga mpira wake wa kwanza kwa fimbo ya mti, ukaenda chini chini, ukapinda na upepo, ukakaa katikati ya njia kama umewekwa kwa mkono. Bwana Chuma akapiga wa kwake. Mwanangu, mpira ule ulipanda hadi mwewe akaupisha. Ulipotua, wake wa Bugarama walitoka kuanua nguo wakidhani mvua ya mawe imeanza.

Hata hivyo mzee hakuachwa. Kijana alikuwa na nguvu, mzee alikuwa na njia. Penye kichaka yeye alipita kando, penye korongo alijua pa kuangukia. Wakafika shimo la mwisho wako sawa. Mpira wa Bwana Randa ukasimama mdomoni mwa shimo, ukakataa kuingia. Akausukumia ndani kwa pigo jingine. Sasa ikabaki zamu ya kijana, akiuingiza kwa pigo moja ameshinda, na ubao uko mikononi mwa Shija.

Nilimwona mdogo wangu akiburuta ubao ule. Jasho lilimtoka hata kwenye vifundo. Alifika shimoni, akageuka, akaona mahali pamebaki punje za mchanga zimesimama, akatazama kwa Bwana Randa. Mzee alikuwa anamtazama. Shija akarudi, akazisawazisha. Mpira ukapita juu ya njia ile, ukaingia.

Barazani wakapiga makofi. Bwana Randa akavua kofia, akamshika kijana mkono, akazunguka nyuma ya klabu kwenda bandani kwake, kama kila siku.

Bwana Mkubwa akamwita Bwana Chuma apande anywe. Kijana akauliza jambo, nami nilikuwa karibu, nimeshaanza darasa la usiku misheni, nikaokota maneno mawili matatu ya Kiingereza. Aliuliza mwenzake yuko wapi. Akaambiwa yule anakula bandani, na wewe leo ni mgeni wetu, kuanzia kesho utakula huko. Wakacheka. Kijana hakucheka. Akashuka ngazi, fimbo zake begani, akaenda bandani.

Tulimfuata tukachungulia, tungeachaje? Wazee wawili walikuwa mle, Randa na Malunde. Kijana akakaa juu ya gogo. Akamwambia Bwana Randa, kama mzee mwenyewe alivyotutafsiria baadaye, kwamba huko Ulaya vijana wa rika lake wanaocheza kwa kulipwa wameanza kuingia klabu kwa mlango wa mbele, na yeye hatafundisha mahali ambapo anaingia kwa nyuma. Kesho atapanda lori yeye. Kisha akampa mzee fimbo moja ya chuma aishike.

Bwana Randa aliipima mkononi. Akaunusa mpini. "Haina harufu," akasema. Wakatoka nje, akapiga mpira mmoja, ukaenda mbali kuliko alivyowahi kupiga. Akasimama anautazama ulikopotelea, kisha akasema kwa Kiswahili, nafikiri ili sisi tusikie, "Hii hainitaki mimi. Hii inatengenezwa na mashine."

Kijana akasema fimbo haimfundishi mtu kupita kando ya kichaka. Akaondoka asubuhi. Mabwana, kwa kuwa hawakuwa na mwingine, wakamwacha Bwana Randa na kazi yake. Kwenye baraza hawakumpandisha.

Nami, kwa tabia yangu, nikaanza upya. Nikamwambia Mzee Malunde: labda yule hakuondoka kwa heshima, labda ni mbung'o. Maana mbung'o walimuuma shingo ikawa nene kama ya fahali. Labda alitafuta sababu tu ya kukimbia.

 "Huenda," akasema mzee. "Lakini mtu akikutendea jema usimpasue kifua kutafuta moyo una rangi gani. Utakuwa umejua rangi, na mtu umemkosa."

Sasa wewe, mwanangu, unaniletea habari za redioni kwamba wachezaji wakubwa wa gofu wanapanda ndege, wanavaa saa za thamani, wafalme wanawapa mkono. Unasema wa zamani hawakuwa wachezaji. Na kuna wazee wenzangu wanaosema wa sasa si wachezaji, wanachezewa na fimbo zao. Nyote nawashuku. Wa rika la Randa alichonga fimbo yake na akala nyuma. Wa rika la Chuma alinunua fimbo na akaukataa mlango wa nyuma. Wa leo anaingia kwa mlango wa mbele na wala hajui kwamba kulikuwa na mwingine. Kila mmoja ana alichopata, na kila mmoja kuna kilichomtoka mkononi akiwa anapokea.

Nasaha yangu ni hii. Shuku, sikukatazi, asiyeshuku huku kwetu alishaibiwa shamba. Ila ukikuta kijiti usichokijua, kichukue ukamuulize mwenyewe mchana, mbele ya watu, kama alivyofanya Malunde. Ukimpenda mtu, usimsaidie kwa kituta. Na watu wawili wakigombanishwa mbele yako, mzee na kijana, cha zamani na kipya, usiharakishe kuchagua. Geuza shingo kwanza uone nani amekaa barazani.

Mungu akukuze, akupe jicho la kuona na mdomo wa kuuliza. Na siku utakaposhuka wewe kwenye lori, mgeni, mfuko wako begani na watu wamekukazia macho, akujalie mwenyeji mmoja atakayekusalimu kabla hajakuhukumu.