Jirani Yangu Asingiziwa Jicho, na Kikopo Ninacho Mimi

Barua hii imetufikia kwa hati za Kiarabu, mkono wa mwanamke. Jina lake tunalo na hatutalitoa. Waliotajwa ndani wamebadilishwa majina.

Bwana Mhariri, salamu nyingi. Mimi ni mwanamke wa miaka arubaini na mitatu, mjane, mkaazi wa Mji wa Kale hapa Mombasa. Kazi yangu ni kuwasinga maharusi. Msichana akishawekwa ndani kungojea harusi yake, mimi huitwa nikamsugue mwili kwa singo ya liwa, ule mti wa kunukia, na waridi, siku baada ya siku, mpaka ngozi iwe laini. Kazi hii nimeirithi kwa mamangu na hakuna anishindaye. Nasema kwa majivuno, mnisamehe, maana ni majivuno haya haya yaliyonitia mashakani.

Tangu vita vikuu vya dunia viishe, vitu vimerudi madukani. Mwenye duka la manukato, Muhindi ambaye nanunua kwake liwa miaka yote, alinipa vikopo vitatu vidogo vya krimu ya uso, sampuli za bure. "Bi, kwanza jaribu nyumbani," aliniambia. "Ukiona nzuri, ndiyo uwaambie maharusi." Simlaumu, alisema kweli.

Na nilijaribu, wallahi. Siku tatu nilijipaka mkononi asubuhi na jioni, nikakaa dirishani penye mwangaza nikiitazama ngozi. Haikuwasha, haikuuma. Lakini sikufikiri jambo moja. Mkono huu umesaga liwa juu ya jiwe miaka zaidi ya ishirini, umeota sugu mpaka naepua sufuria bila kitambaa. Mkono kama huo ungehisi nini?

Biarusi niliyekuwa naye siku zile ni msichana mpole, hana maneno. Siku ya nne, nilipomaliza kumsinga, uso wake ulikuwa umesuguliwa ukabaki mwororo kabisa. Nikampaka ile krimu juu yake. Sikumwambia yeye wala mamake. Nilitaka watu wamwone siku ya kupambwa waulize, "Huyu kasingwa na nani?" Kesho yake mashavu yote mawili yalikuwa mekundu. Siku ya pili yakachubuka, yakaacha mabaka meusi.

Mamake alipiga ukelele. "Nani aliyeingia humu?"

Aliyeingia ni mmoja tu, Bi Mishi, jirani yangu, mwanamke wa miaka sitini hivi, aliyeleta asumini jioni ya siku ile niliyompaka. Alisimama mlangoni akasema, "Lo, uso huu! Biarusi huyu atawatia watu wazimu." Akacheka, akaenda zake, akasahau kusema mashallah ya kukinga jicho. Shangazi yake biarusi akalikumbuka papo hapo. "Ni jito lile!" akasema. "Hakusema mashallah, mimi nilikuwapo!"

Wote wakanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye mjuzi wa ngozi. Nikasema, "Mungu ndiye ajuaye." Sikusema uongo, lakini neno hilo ndilo lililommaliza Bi Mishi.

Siku ya kupambwa, biarusi anapoketishwa mbele ya wanawake wote atazamwe, haikuwako. Alitolewa kimya kimya amefunikwa uso. Tangu hapo Bi Mishi haalikwi popote. Zamani hakuna harusi iliyofanywa mtaani petu asiitwe kutunga asumini. Sasa akipita kichochoroni, akina mama wanawavuta watoto wao ndani. Na huyu ndiye mwanamke aliyelala kwangu siku zote za eda yangu ili nisiwe peke yangu. Naona haya hata kuliandika.

Situlii, Bwana Mhariri. Nafagia pahali nilipokwisha kufagia. Natoka niende kwa mamake biarusi, nafika kona ya msikiti, narudi. Chai naiacha ikipoa, natengeneza nyingine, nayo inapoa. Juma lililopita nilijisinga paja vizuri, nikapaka krimu iliyobaki, nipate kuhakikisha. Kesho yake, kabla ya adhuhuri, pakawa pekundu. Nikafurahi, kisha nikajiona mwenda wazimu kwa kufurahi. Ushahidi ninao mwilini mwangu, chini ya kanga, na bado nimenyamaza. Naogopa. Nikisema, nani atanipa tena uso wa mwanawe niushike? Sina mume wala kazi nyingine niijuayo.

Jumatatu binti yake Bi Mishi alijifungua mtoto wa kike. Nikaenda na Bi Mishi kumpa binti mkono wa heri. Tulipofika, Bi Mishi akaketi ukumbini, mgongo wake ameuelekeza kwenye mlango wa chumba cha mzazi.

"Mama, huingii?" nikamuuliza.

"Siingii," akasema, akajigusa kope. "Mwanangu, watu wote hawa hawawezi kukosa. Huenda mato yangu yana jambo nami sijui. Ingia wewe, kisha uje unambie yuwafanana na nani."

Niliingia. Nikamtazama mtoto, nikasema mashallah kwa sauti, nikamrudia.

"Yuwafanana nawe," nikamwambia. "Kila kitu, hata mato."

Akacheka kwa furaha, mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze. Kisha akanishika mkono akaubana. "Si mato," akasema. "Nambia si mato."

Nikamwambia si mato.

Nimewaandikia nyinyi kwa sababu hamnijui, na wanaonijua siwezi kuwauliza. Nikikiri, sijui nitakula nini. Nisipokiri, mtoto yule atakua na nyanya anayeogopa kumtazama. Nishaurini nifanye nini, na tafadhali, anayetaka kunionea mimi huruma, asijisumbue kunijibu.