Barua Fupi Niliyoirefusha

Mzee niliyekuwa nikimhudumia kila Jumanne na Alhamisi katika nyumba ya wazee iliyo karibu na stesheni ya Lidcombe, hapa Sydney, alifariki dunia miezi miwili iliyopita, asubuhi, kabla ya chai. Hakuuawa na korona, ambayo tulimkinga nayo kwa barakoa, magauni na ngao za plastiki hata akawa anatutambua kwa sauti tu. Ni moyo uliochoka. Aliyenipigia simu ni mwenzangu wa kazi, dada mmoja Mrundi anayekuja kwa treni kutoka Mount Druitt. "Kaka, mzee wako ametuacha," alisema. Nami, badala ya kusema pole, nikauliza ni nani sasa atakayeitia saini barua yake. Wasomaji wa safu hii mmezoea kunisoma nikichambua siasa za Marekani, ambazo ndizo utafiti wangu wa uzamivu. Leo niwieni radhi, kwa maana swali lile linanitia aibu na sijui pengine pa kulieleza.

Alikuwa Mmarekani, lakini tulizungumza Kiswahili. Ujanani alifundisha hisabati Singida, na Kiswahili chake kilibaki vilevile alivyoondoka nacho: kimenyooka, cha daftari, kisicho na hata neno moja la vijiweni. "Shikamoo, mzee," nilizoea kusema. "Marahaba, profesa. Umekwisha kuwa daktari, au ungali unafikiri?" Aliporudi kwao alifungua duka la vifaa vya ujenzi katika mji mdogo, akachaguliwa kuingia bodi ya elimu, na uzeeni akamfuata bintiye wa pekee aliyeolewa huku. Msimu wa uchaguzi wa kwao tulikuwa tukikaa ukumbini mbele ya televisheni, wanasiasa wakitukanana, mimi nikiandika maelezo kwa ajili ya tasnifu. Siku moja akatikisa kichwa. "Hawa hawapangi viti," alisema. Nikamwomba afafanue. Bodi yao, alieleza, ilikutana katika ukumbi wa michezo wa shule, na kikao kikiisha wajumbe wenyewe ndio waliovikusanya viti. Desturi ilikuwa kwamba unabeba rundo la viti pamoja na yule uliyebishana naye zaidi siku hiyo, wewe upande huu, yeye upande ule. "Msipokwenda hatua sawa, vinaanguka," alisema. "Kwa hiyo ilikubidi umtazame usoni."

Kikao kimoja yeye hakubeba viti. Mwalimu kijana wa historia alikuwa ameandika gazetini kupinga vita ambayo vijana wa mji ule walikuwa wakipigana, na mjumbe mmoja, fundi wa matrekta, alileta hoja afukuzwe. Fundi yule alikuwa na mtoto wa kiume huko vitani. Hakuwa na elimu kubwa; alisimama na karatasi yake, akaisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Mzee wangu ndipo akasimama na kusema kwamba kabla ya kumfukuza mtu kwa alichokiandika, bodi ihakikishe kwamba anayetaka kumfukuza anaweza kukisoma. Ukumbi mzima ukacheka. Kura ilipopigwa, alikuwa peke yake upande wa mwalimu, na alijua wazi kwamba kura ile ingemnyima kiti chake katika bodi, kama ilivyokuja kumnyima. Akachukua kofia yake, akatoka. Fundi alibaki ameshika rundo la viti upande mmoja. "Nilidhani," aliniambia mzee, "kwamba kwa kuwa nilikuwa sahihi, nilikuwa nimeruhusiwa kusema lolote."

Msomaji ataniruhusu nitue hapo kidogo. Katika tasnifu yangu, ujasiri na ustaarabu vimekaa katika sura mbili tofauti, kama wapangaji wasiosalimiana. Nimewapanga upande mmoja wale wanaojiita majasiri kwa sababu wanatukana, na upande wa pili wale wanaojiita wastaarabu kwa sababu wananyamaza. Mzee yule hakuingia katika sura yoyote. Kura yake ilikuwa ya kijasiri kwelikweli, na dakika chache kabla yake alikuwa amemfanyia mtu ukatili ambao hata yeye mwenyewe hakuuona, kwa kuwa kicheko cha watu kiliufunika. Nadhani ndivyo maisha ya hadhara ya taifa lile yanavyoharibika, na si ya taifa lile peke yake. Waongo wana sehemu yao, lakini wenye haki nao wanachangia pale wanapoanza kuifurahia haki yao mno.

Katika majira ya baridi, Sydney ilipofungwa kwa sababu ya korona, bintiye akawa anamwona kupitia dirishani tu, mzee aliniomba nimwandikie barua kwa fundi, maana mikono yake ilitetemeka. Fundi alikuwa bado hai, katika mji uleule, na wote wawili walikuwa wamepita miaka themanini. Nikauliza kwa nini asipige simu. "Kwa simu atalazimika kunijibu papo hapo," alisema. "Barua ataisoma mwenyewe, mezani kwake, bila mtu kumtazama. Iwe fupi. Nataka aimalize kabla kahawa haijapoa." Akanitamkia sentensi chache kwa Kiingereza, ambazo nazifasiri hapa: "Nilikudhalilisha mbele ya watu kwa sababu nilitaka wacheke. Walicheka. Kura yangu siijutii. Kicheko kile nimekijutia tangu siku hiyo. Nisamehe." Akaniagiza niichape vizuri, ili aitie saini siku ya Alhamisi.

Niliichukua nyumbani, na huko ndiko nilikoiharibu. Ile sentensi ya kura ilinisumbua: je, radhi inayojitetea ni radhi? Nikaongeza aya ya kutenganisha uamuzi na namna ya kuutetea. Aya ile ikadai utangulizi. Alhamisi nikamsomea kurasa mbili. Akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho. "Nzuri sana," alisema. "Ni ya nani?" Nikaomba siku chache. Nilipomsomea rasimu ya tatu, alisinzia. Yule dada, aliyekuwa akibadilisha shuka, alicheka chini ya barakoa. "Kaka, unaandika barua ama unaandika katiba? Sisi kule kambini Tanzania mtu anakuja na karatasi, anasema shida yake, tunaandika, anaenda. Kwa muda huu hata maharage yenyewe ingekuwa imeiva." Nikamjibu kwamba jambo hili ni zito. "Ndiyo sababu," akasema. "Mtu habebi kitu kizito huku anakitafakari." Rasimu ya nne ilikuwa begini mwangu simu ilipolia. Ilikuwa na kurasa tatu, zimeandikwa kwa mtu anayesoma kwa kidole.

Kwa idhini ya binti, tulituma karatasi ya kwanza, ileile yenye maneno niliyoyaandika kwa haraka kando ya kitanda, pamoja na maelezo mafupi kwamba mwenye maneno hayo amefariki kabla ya kuyatia saini, na kwamba ucheleweshaji ulikuwa wangu. Jibu limefika Jumatatu iliyopita, kwa herufi kubwa za mkono. Fundi anasema mwanawe alirudi salama. Anasema ameisoma barua mara mbili. Kisha anaeleza kwamba wakati wa uchaguzi wa bodi uliofuata yeye ndiye aliyeeneza mjini uvumi kuwa mzee wangu ni msaliti wa nchi, akijua si kweli, na kwamba miaka yote hii alikuwa akitafuta pa kuanzia. "Yake umeniletea," amemalizia. "Yangu sasa nimpelekee nani?"

Nilidhani nailinda radhi ya mtu mmoja isiwe na kasoro. Kumbe nilikuwa nimewafungia mlango watu wawili. Ninachoweza kuwaambia wasomaji wangu ni hiki tu: kama kuna mtu uliyemdhalilisha, hata ikiwa ulikuwa sahihi, na hasa ikiwa ulikuwa sahihi, mwambie leo, kwa maneno uliyo nayo. Huenda naye ana la kukwambia, na anangoja wewe uanze.