Saa Nane ya Kwenye Skrini

Mwanangu, ipo Jumatatu moja ambayo nikiikumbuka mpaka leo viganja vinalowa jasho. Nakusimulia kwa kuwa wiki ijayo unaanza kazi ileile niliyoistaafu, na jana nilikuona unavyofungua zile chati za mwenendo wa kompyuta kwa pupa.

Nilikuwa kijana wa Kibimba, mtoto wa wakulima, nimetoka chuoni na kiburi changu chote. Ofisi yetu ilikuwa Ngara mjini. Kompyuta kuu yenyewe, iliyohudumia hospitali nyingi kwa pamoja, ilikuwa Mwanza. Sisi tuliitazama kwa mbali kupitia skrini. Kulikuwa na programu iliyoandika mwenendo wake kila robo saa: imefanya kazi kiasi gani, watu wamesubiri jibu muda gani. Ukitaka kujua kama leo inaumwa, unachukua kipande cha leo na kipande cha siku iliyopita, unaviweka kando kwa kando. Niliona ni kazi ya mtoto.

Siku hiyo mkuu wangu, Bi Rukia, alikuwa Lusahunga kikazi. Mama huyu alizaliwa Biharamulo, kwenye familia ya wenye maduka waliotoka pwani, na Kiswahili chake kilitufanya sisi wengine tuone aibu kufungua mdomo. Mchana akapiga simu.

"Deo, nasikia mashine ni nzito. Linganisha saa nane ya leo na saa nane ya Jumatatu iliyopita. Ikizidi mara mbili, simamisha kazi za wilaya zetu, isije ikaanguka yote. Isipozidi, usiguse kitu."

Nikaandika kwenye karatasi: saa 8. Kipande cha leo programu ilikileta yenyewe. Cha wiki iliyopita nilitakiwa kukichagua mimi, nikabonyeza 8. Mistari miwili ikatokea, wa leo umepanda mara tatu ya ule mwingine. Niliiona kompyuta nzima inakufa mikononi mwangu, na jina langu limeandikwa kwenye barua ya kufukuzwa. Sikusoma mara ya pili. Nikasimamisha.

Hazikupita dakika tano, simu ikalia. Alikuwa daktari wa hospitali moja upande wa Biharamulo.

"Jamani, tulikuwa tunatafuta damu ipo kituo gani, skrini imeganda. Nina mama hapa ametoka kujifungua, damu haikatiki. Kuna nini?"

"Mashine ni nzito leo, daktari. Subirini kidogo."

Ndivyo nilivyomjibu. Sikumwambia kwamba nimeisimamisha mimi. Naye akaniamini, akasubiri, wakati angejua ukweli angeanza kupiga simu kituo kwa kituo.

Nikarudi kwenye skrini, nikasoma upya. Upande mmoja paliandikwa 14:00, upande wa pili 08:00. Saa mbili asubuhi! Nilikuwa nimelinganisha mchana wenye foleni na asubuhi ambayo wauguzi ndiyo kwanza wanavaa makoti. Mashine haikuwa na ugonjwa wowote wa kutisha. Nikaiamuru izirudishe kazi zetu, ikaniambia nisubiri robo saa. Nilishika simu nimpigie daktari, nikairudisha. Nikaishika tena, nikairudisha. Niliogopa sauti yake, mwanangu, kuliko nilivyoogopa kifo cha yule mama.

Bi Rukia ndiye aliyepiga. Nikamwambia yote huku nalia.

"Umemwambia daktari?"

"Bado, mama."

"Basi mgonjwa anasubiri uongo wako. Kata simu yangu, mpigie yeye. Sasa hivi!"

Nikampigia, nikamwambia kazi nimezisimamisha mimi. Hakunigombeza, alikata tu. Wakaanza kuuliza vituo kwa simu, damu ikapatikana, gari likaifuata. Mpaka jioni sikujua kama yule mama yu hai. Alikuwa hai.

Siku ya pili yake Bi Rukia akaniamuru niende nikamwone kwa macho yangu. Alikuwa mwanamke wa Kaniha, midomo imepauka, mtoto amelala ubavuni. Mama yake mzazi, bibi wa rika la nyanya yangu, akaambiwa kwamba mimi ni mtu wa ile kompyuta ya kutafutia damu. Akainuka mkekani kwa kushikilia kitanda.

"Shikamoo, dakitari. Mungu akubaliki."

Nilitakiwa kumwamkia mimi. Nilitakiwa kupiga magoti, nimwombe radhi. Nikamwangalia yule bibi, nikaitikia, "Marahaba." Kisha nikatoka. Nimeungama mengi kanisani tangu hapo, lakini salamu ile bado inanikosesha raha, kwa kuwa sikurudi kamwe kumwambia ukweli.

Basi shika hili. Kabla hujaiweka jana kando ya leo, hakikisha ni saa ileile, kwa macho yako, usitegemee ulivyoisikia masikioni. Ukiogopa, ondoa mkono kwenye kitufe mpaka usome tena. Na ukikosea, anayeumia awe wa kwanza kujua, hata kama atakuchukia.

Nenda na baraka zangu. Mungu akupe hofu ya kutosha kukurudisha kwenye skrini mara ya pili, na akuondolee kabisa ile inayofunga mdomo wakati mtu anavuja damu.