Chupa ya Chachu Kanisani

Jamani, aibu niliyoipata! Mke wa mwanangu alinifundisha kuoka mkate wa unga uliochachuka wenyewe, na kiungulia kilichonitesa miaka mingi kikaisha. Mke wa pasta akaniomba chachu yake, ule uji wa unga unaochachuka na kutoa gesi.

Jumapili nikaitia kwenye chupa, nikakaza kifuniko kabisa, nikaiacha ndani ya kiondo changu, kikapu cha kusuka, chini ya benchi. Kisha mimi, mwenyekiti wa akina mama, nikasimama mbele kukemea wanywaji wa kaluvu, hiyo pombe ya kienyeji.

Joto la Kibwezi mnalijua. Paa! Chupa ikapasuka, povu likatiririka sakafuni, harufu ya pombe ikajaa kanisa zima.

Kwa hasira nikasahau kila kitu. "Hicho kiondo ni cha nani?" nikafoka.

Pasta akaziba pua. "Ni chako, Mama Mwenyekiti."