Ukurasa wa Mhariri Wake wa Zamani

Wanafunzi wa uandishi wa habari walimwita Bi Chanzo, maana hakuna habari waliyompelekea bila kuulizwa, "Nani kakwambia?" Kompyuta za chuo zilikuwa zimekufa, basi akafundishia simu: kila mtu achukue posti moja mtandaoni, aifuatilie mpaka kwenye mzizi wake.

Kila muhula aliwapa ukurasa ule ule, wa mhariri aliyewahi kumwajiri, ambaye sasa alikuwa mtangazaji wa redio mwenye wafuasi kibao. Hakuwaambia kwamba huyo ndiye aliyechapisha gazetini picha ya kaka yake Bi Chanzo, fundi wa friji, akimwita mwizi wa dawa za hospitali. Kaka alikuwa ameitwa pale kutengeneza friji. Dada mtu alipokwenda na ushahidi mkononi, mhariri alimjibu, "Gazeti haliombi radhi kwa fundi." Akaacha kazi siku hiyo hiyo, lakini kinyongo hakikumtoka.

Muhula huu msichana mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, huyu mama anayedaiwa kwenye ukurasa huu kuiba mtoto, mtoto ni wake wa kumzaa. Nimeongea na aliyepiga picha, na mama mwenyewe."

"Mama anataka ijulikane?"

"Anasubiri kwa hamu."

"Basi wekeni mtandaoni, na ushahidi wote." Siku hii alikuwa ameingojea, ila sauti ilibaki ya darasani.

Habari ikasambaa; haikupita wiki, redio ikamtimua mhariri. Akaja chuoni, shati limemganda mgongoni.

"Wewe ndiye uliyewatuma."

"Nimewafundisha kazi."

"Sasa unataka nini?"

"Kaka yangu. Umsafishe kwa jina lake, kwenye ukurasa huo huo."

Mhariri aliandika amesimama. Bi Chanzo akasoma, akamrudishia simu. "Toa hilo neno 'huenda'." Akalitoa.

Jioni alimpelekea kaka yake habari karakanani, uso umemchangamka. Kaka akafuta mikono, akasoma.

"Wateja wangu wa sasa walikuwa hawajui haya mambo, dada. Ungeniuliza kwanza."

Hapo Bi Chanzo alinywea. Alimwomba msamaha kaka yake, na aliumaanisha kabisa. Lakini kwa mhariri hakuona chembe ya huruma. Alipofika nyumbani alifungua ukurasa ule, akakuta watu bado wanamshambulia mhariri. Akasoma matusi yote, moja baada ya jingine, chai ikipoa mbele yake.