Goli la Upande wa Misuku

Afisa mipango miji aliyehamishiwa kwetu Songea kutoka mikoa ya ziwa nilimfahamu kwa koti kabla sijamfahamu kwa kazi. Alifika mwezi wa sita, baridi imekaza. Akaja kwenye meza yangu ya mitumba pale sokoni, akashika koti la sufu, akauliza bei. Nikamtajia bei ya kuanzia, ile ambayo mtu yeyote wa mji huu huijibu kwa kucheka. Yeye akatoa pesa. Akasema asante. Nikazihesabu mara mbili, zikawa kamili, na siku nzima nikashinda sina raha, kama mtu aliyesukuma kwa bega mlango ambao haukufungwa.

Ningelifikiria jambo lile vizuri, yaliyofuata yasingetokea.

Nyuma ya mtaa wetu kuna kiwanja tunachochezea mpira, na kinapoishia panaanza kipande cha msitu kinachoteremka hadi kijitoni. Si msitu wa kupigia picha za harusi. Ni misuku mingi, miombo kiasi, na vichaka ambavyo mpira ukiingia unatoka na miiba. Lakini mvua za kwanza zikishuka, matunda ya misuku, masuku, yanaiva na uyoga unaota chini ya miti ile kama umeitiwa mkutano. Mke wangu na wenzake wanaingia humo alfajiri, na kukicha wako sokoni na ndoo zao. Ada za shule nyumbani kwetu hutoka zaidi kwenye ndoo hizo kuliko kwenye makoti yangu. Mke wangu hajawahi kulisema hilo. Analiacha tu likae pale mezani, karibu na chumvi.

Basi manispaa ikaamua eneo lote liwe bustani ya mapumziko, yenye uwanja wa michezo na sehemu ya asili. Afisa akaitisha mkutano palepale kiwanjani ili kila upande useme unachotaka. Timu yetu ya maveterani, ambayo mimi ndiye kipa, ikanichagua niwasemee kwa sababu najua kupatana bei. Akina mama wa uyoga wakamchagua mke wangu, kwa sababu mimi nilijifunza kwake.

Nyumbani hatukulizungumza. Huwezi kumwonyesha mwenzako bei yako ya mwisho eti kwa kuwa amekupakulia ugali.

Ukweli ni kwamba timu ilitaka kiwanja kisogezwe kidogo tu kuelekea kwenye miti, na akina mama walitaka miti ibaki na sisi tuache kukanyaga uyoga. Lakini nani anaanzia hapo?

"Tunataka uwanja kamili," nikasema, "na njia ya kukimbilia kuuzunguka, na jukwaa la watazamaji. Miti yote iondoke."

Nahodha wetu akaninong'oneza kwa nyuma, "Jukwaa la nini? Watazamaji wenyewe mbuzi."

"Tulia wewe. Hilo ni la kupunguzia."

Mke wangu akasimama, akajifunga khanga vizuri. "Sisi tunataka miti yote ibaki, na kiwanja chenyewe kipandwe miti. Hawa wazee wakacheze bao."

Vigelegele. Nikakiri moyoni kwamba ameanza vizuri. Nikajiandaa kushuka: kwanza naachia jukwaa, yeye anaachia kupanda miti kiwanjani, halafu naachia njia ya kukimbilia. Kufika saa ya chakula tungekuwa tumemaliza.

Afisa akaandika yote, akafunga faili. "Nimewaelewa. Asanteni sana." Akawasha pikipiki yake, akaondoka. Alikuwa amevaa lile koti.

Tukabaki tumesimama. Mwenyekiti wa mtaa akauliza, "Mbona kaondoka na bei ya kwanza?"

Mimi nilikuwa na jibu, ila lilikuwa la biashara yangu.

Baada ya wiki kadhaa mchoro ukabandikwa ukutani kwenye ofisi ya mtaa. Kwa kuwa matakwa ya pande mbili hayakuweza kuenea eneo moja, hapo pangejengwa maegesho ya magari na ukumbi wa sherehe. Wachezaji wangetafutiwa kiwanja kwingine, na miti ingepandwa kwingine. Nikahesabu miti iliyochorwa. Minne. Nikahesabu tena. Minne, na yote iko kwenye vyungu.

"Uyoga hauoti kwenye chungu, Baba Watoto," mke wangu akasema. Sauti yake haikuwa ya kupatana bei.

Kesho yake tukaenda ofisini kwa afisa, wawili pamoja.

"Shikamooni."

"Marahaba. Tumekuja kwa habari ya mchoro."

"Lakini ni ninyi wenyewe, wazee wangu." Akafungua faili. "Baba ulisema miti yote iondoke. Mama ukasema kiwanja kipandwe miti. Nimeandika."

"Ile ilikuwa bei ya kuanzia," mke wangu akamwambia.

"Kwa hiyo hamkumaanisha?"

"Tulimaanisha kuanza."

Akatutazama mmoja mmoja. Kisha akashika ukosi wake taratibu. "Na hili koti?"

"Tumalize kiwanja kwanza," nikasema.

Tukarudi naye kiwanjani, tukapatana mbele yake mti kwa mti, kama inavyotakiwa. Jukwaa likaondoka. Njia ya kukimbilia ikaondoka. Nikaomba misuku mitatu ya pembeni, nikapewa matawi mawili. Kiwanja kikabaki kifupi kuliko sheria ya mpira inavyopenda, goli moja likiwa mdomoni kabisa mwa msitu.

"Na uyoga ukianza?" afisa akauliza. Kijana alikuwa anajifunza.

"Goli la upande wa misuku linafungwa msimu mzima," mke wangu akasema. "Na mpira ukiingia msituni hautoki mpaka aliyeupiga anunue uyoga."

"Hiyo ni ya kuanzia au ya mwisho?"

"Ya mwisho."

Uso ule wa mke wangu naujua. Alikuwa bado na nusu nzima ya kushuka. Lakini afisa alishaandika.

Mchoro mpya ukapita, msitu ukabaki wote. Habari ya koti niliimaliza kwa kumwongezea shati.

Sasa mvua zikianza, kamba inafungwa kwenye goli la misuku, na timu zote mbili zinashambulia goli langu. Mabao nayahesabu mara mbili, na kila mara yote ni yangu. Sikuwa nimeona jambo moja: kama wote wanapiga kuelekea kwangu, mtu pekee anayeweza kuupeleka mpira msituni ni kipa.

Jumamosi iliyopita asubuhi nilipiga mpira wa goli, ukaruka kamba, ukazama kwenye misuku. Mke wangu akatokea na ndoo imejaa, mpira kwapani.

"Nani kapiga?"

Maveterani wote wakaninyooshea kidole, na wa timu yangu pia. Nikauliza fungu ni bei gani. Akanitajia ya kuanzia. Wenzangu walikuwa wamesimama mikono kiunoni, wananisubiri.

Nikalipa hiyohiyo. Akazihesabu pesa mara mbili, ndipo akaachia mpira.